Mlimani, Wengi Hawapewi

Jumapili ya Februari 19, 2012, ilipokaribia saa sita mchana, watu wapatao 16 walikuwa wamekusanyika juu ya mlima Cowboy, katika safu ya Cascade, jimbo la Washington nchini Marekani. Upande mmoja kulikuwa na uwanja wa kuteleza wa Stevens Pass, ambako wahudumu huporomosha theluji hatari kwa baruti kabla ya wateja kupanda. Upande wa pili ni bonde la Tunnel Creek, lisilo na mlinzi. Hawakuwa wageni wa theluji. Walikuwamo watelezaji wa kulipwa, waandishi wa mchezo huo na wenyeji waliolishuka bonde lile miaka nenda rudi. Muda mfupi baadaye mteremko ulikatika, ukashuka takriban mita 900 na kufukia wanne. Watatu walikufa. Wa nne, mwanamke aliyevaa mkoba wenye puto la hewa, alifukuliwa akiwa hai.

Onyo la hatari lilikuwa limetolewa, na karibu wote walibeba vifaa vya uokoaji. Walionusurika walisimulia baadaye kwamba kundi lilikuwa kubwa kupita kiasi na kwamba baadhi yao waliingiwa na hofu pale juu. Hakuna aliyeitamka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika mkasa huu.

Mapema mwezi ule, baridi ya usiku usio na mawingu ilikuwa imeotesha juu ya theluji fuwele nyembamba kama manyoya. Kisha dhoruba ikamwaga takriban sentimita 80 za theluji mpya, fuwele zile zikazikwa chini na kubaki tabaka dhaifu lililobeba mzigo wote. Pakiwa na tabaka la namna hiyo kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja. Ufa hukimbia, na bamba zima la theluji huondoka kwa pamoja. Ndiyo maana katika takriban visa tisa kati ya kumi, poromoko linaloua limeanzishwa na marehemu mwenyewe au na mwenzake.

Udhaifu huo unaweza kupimwa. Chimba shimo, ukate nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na unene wa 30. Laza bapa la beleshi kwenye ncha moja, kisha piga mara 10 kwa nguvu ya kifundo cha mkono, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega. Ufa ukipita nguzo nzima, geuka urudi. Usipopita, bado hujapewa ruhusa, kwa sababu shimo moja halisemi habari za mlima mzima.

Aliyefukiwa humtegemea mwenzake. Wengi wanaofukuliwa ndani ya dakika 15 hupona. Zikifika 35, walio wengi wameshakosa hewa. Helikopta ni nadra kuwahi. Kwa hiyo kila msafiri abebe kifaa cha kurusha na kunasa mawimbi ya redio, ufito wa kuchokolea na beleshi, na awe amevifanyia mazoezi.

Lakini vifaa havimzuii mtu kuingia pabaya. Mwaka 2004 mtafiti Ian McCammon alichapisha uchambuzi wa ajali 715 za Marekani. Aliona kwamba watu wenye mafunzo, wakiwa mahali walipopazoea, hujiingiza katika hatari karibu sawa na wasiofunzwa. Mazoea hulegeza tahadhari, na kundi huongeza ujasiri: kila mmoja humtazama mwenzake, akimwona ametulia, naye hutulia. Huku kwetu tunasema wengi wape. Kwenye theluji msemo huo ni hatari, kwani anayestahili kusikilizwa ni yule mmoja mwenye shaka.

Kwa maoni yangu, watu watatu au wanne wanatosha. Kabla ya kuondoka kila mmoja aulizwe, akianza mgeni na kumalizia mzoefu, na neno la hapana kutoka kwa yeyote lifunge mjadala bila kudaiwa sababu. Mteremko uvukwe na mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Siku ya onyo, kuna miteremko ya nyuzi 25 yenye theluji laini ileile, mradi tu juu yake pasiwe na ukuta mkali ambao theluji yake inaweza kuishukia.