Disketi ikikataa kusomeka, usikimbilie kuifomati

KATIKA nyumba na afisi nyingi humu nchini mngali na makasha ya disketi zilizosahauliwa. Ndani yake mna miswada ya vitabu, tasnifu za chuo kikuu, kumbukumbu za mikutano ya vyama vya ushirika na barua za mawakili kuhusu mashamba yaliyozua mizozo.

Aghalabu hazikumbukwi hadi siku zinapohitajika. Mwandishi amefariki na jamaa zake wanataka kuuchapisha mswada wake. Kesi ya ardhi imefufuliwa mahakamani. Mstaafu anadai marupurupu yake na nakala pekee ya waraka unaomuunga mkono imo katika kijaluba hicho cha plastiki.

Hapo ndipo mtu hununua kiendeshi cha disketi cha kuchomeka kwenye tundu la USB, akakiunganisha na kipakatalishi chake, akaitia disketi ya kwanza. Baada ya mikwaruzo kadhaa, tarakilishi humwambia kwamba ni lazima disketi hiyo ifomatiwe kabla ya kutumika, kisha humuuliza iwapo iendelee.

Wengi hukubali wakidhani wamependekezewa tiba. Kwa hakika, kufomati ni kuipanga disketi upya kana kwamba haijawahi kuandikwa kitu. Anayekubali huenda akazika kwa mkono wake mwenyewe kile alichokuwa akikitafuta.

Ni muhimu kufahamu kwa nini ujumbe huo hutokea. Sehemu ya kwanza kabisa ya disketi ndiyo inayoieleza tarakilishi jinsi yaliyomo yalivyopangwa. Sehemu hiyo isiposomeka, Windows hudhani imepewa disketi tupu. Haijui kama kilichozuia usomaji ni vumbi, kiendeshi kibovu, au disketi iliyoandikwa na mashine ya aina nyingine. Basi ujumbe huo si ushahidi kwamba yaliyomo yamepotea.

Kwa hivyo, kabla ya kuitia disketi yoyote katika kiendeshi, igeuze uitazame mgongoni. Kwenye pembe moja mna kipande kidogo cha plastiki kinachoteleza. Kisukume hadi tundu libaki wazi na mwanga upenye. Tundu likiwa wazi, kiendeshi hakikubali kuandika wala kufuta, hata ukibonyeza kitufe kwa bahati mbaya. (Wapo wanaoamini kinyume, kwamba kuliziba tundu ndiko kunakolinda. Hiyo ilikuwa kanuni ya disketi pana za inchi 5.25, na imewaponza wengi.)

Disketi ya kawaida ya inchi 3.5 hubeba baiti 1,474,560, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo hukipita. Ndani yake mna utando mwembamba uliopakwa chembe za sumaku, unaozunguka mara 300 kwa dakika. Kila upande umegawanywa katika njia 80 za mviringo, na kila njia vipande 18 vya baiti 512.

Jambo linalopuuzwa na wengi ni kwamba kichwa cha kusomea huugusa utando huo. Katika diski ngumu ya tarakilishi kichwa huelea juu bila kugusa. Katika disketi kinasugua. Kwa sababu hiyo uchafu ulio kwenye disketi moja huhamia kichwani, na kichwa kichafu huikwaruza disketi inayofuata. Mtu anayejaribu disketi 20 mfululizo kwa kiendeshi kichafu anaweza kuziharibu zote, huku akilalamika kwamba zilikuwa mbovu tangu hapo.

Maadui wakuu ni vumbi na kuvu. Kuvu hustawi penye joto na unyevu, na walioziweka disketi zao Mombasa, Lamu au kando ya Ziwa Viktoria wana sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Kivute kando kifuniko cha chuma uutazame utando penye mwanga, ukiuzungusha taratibu kwa kitovu cha chuma kilicho mgongoni. Utando mzima hung'aa kwa weusi au hudhurungi iliyo sawa. Ukiona madoa meupe au mawingumawingu, usiitie disketi hiyo katika kiendeshi. Ukiona mkwaruzo wa mviringo uliokula rangi hadi mwanga unapenya, yaliyoandikwa hapo hayarudi.

Ukaguzi huo pia hukuonyesha kama utando umekwama ndani ya ganda lake, na kama kifuniko kimepinda. Kifuniko kilichopinda hunasa ndani ya kiendeshi na kung'oa kichwa wakati wa kutoa. Ni heri kukiondoa kabisa kwanza. Disketi itasomeka bila hicho.

Sasa tuje kwenye kiendeshi chenyewe. Katika Windows 10 na 11 kiendeshi cha USB hakihitaji programu ya ziada. Kikitambuliwa hupewa herufi, kwa kawaida A. Herufi isipotokea, usihangaike na disketi, maana tatizo liko kwenye waya, tundu au umeme. Kiendeshi hupata umeme wake wote kupitia waya huohuo wa USB, nayo mota inapoanza kuzunguka huhitaji nguvu nyingi kwa ghafla. Kichomeke moja kwa moja kwenye tarakilishi, si kwenye kigawanyi kinachotumiwa na kipanya na simu, na ujaribu tundu jingine.

Herufi ikiwepo, tumia masikio. Windows haikuarifu kwamba umetia disketi. Ni lazima ubonyeze herufi A ndipo mota ianze. Kukiwa kimya kabisa, kuna uwezekano kwamba disketi haijakaa vizuri au mota imekufa. Ukisikia mzunguko laini ukifuatwa na mlio wa krr, krr unaorudiwarudiwa, basi kichwa kinarejea mwanzo na kujaribu upya. Kiendeshi ki hai, ila hakielewi kinachosoma.

Usirudie jaribio hilo mara kumi. Chukua disketi mbili au tatu usizozijali, zilizotoka sehemu tofauti, uzijaribu. Zikisomeka, mgonjwa ni ile disketi ya kwanza. Zikikataa zote, mshukiwa ni kiendeshi. Inashangaza jinsi hatua hii rahisi inavyorukwa na watu wanaokimbilia kwa fundi.

Kichwa husafishwa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, ileile wanayotumia mafundi wa simu. Pangusa kwa wepesi, uache kikauke. Usikiinue kichwa cha juu kwa nguvu, kwani kimeshikiliwa na kibati chembamba ambacho kikipinda, kiendeshi kimekwisha. Hasara hiyo si ndogo, maana vifaa hivi vimekuwa adimu: kampuni ya Sony ilitangaza mwaka wa 2010 kwamba ingekoma kuuza disketi nchini Japani mwezi Machi 2011, na watengenezaji wengine nao waliiacha biashara hiyo.

Ikiwa disketi ingali inakataa katika kiendeshi kilichosafishwa, tafuta kiendeshi cha pili. Vichwa vya mashine mbalimbali havikupangwa sawasawa, na disketi iliyoandikwa na kiendeshi kilichopotoka kidogo huenda ikasomeka kwa kimoja na kukataliwa na kingine. Tarakilishi kuukuu iliyotelekezwa katika ghala la shule inaweza kufaa kuliko kipakatalishi kipya. Ukiifufua na taa ya kiendeshi chake iwake bila kuzima, kebo bapa yenye nyaya 34 imechomekwa kichwa chini, igeuze. Kisha hakikisha kwamba kiendeshi kimeruhusiwa katika mipangilio ya mwanzo ya mashine.

Disketi inayosomeka nusunusu isinakiliwe faili moja moja. Wenye ujuzi hutumia mfumo wa Linux na programu isiyolipiwa iitwayo GNU ddrescue. Hiyo huchukua taswira ya disketi nzima: hunakili kwanza vipande vyepesi kusomeka, huandika kando orodha ya vilivyokataa, kisha huvirudia hivyo pekee. Uzuri wake ni kwamba unaweza kusimama, ukasafisha kichwa au ukabadilisha kiendeshi, kisha ukaendelea palepale. Kipande kilichokataa asubuhi kwa kiendeshi kimoja huenda kikapatikana jioni kwa kingine. Kazi yote inayofuata hufanywa kwenye taswira hiyo, nayo disketi hupumzishwa.

Yaliyopatikana yapitishiwe programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa. Disketi ndizo zilizosambaza virusi kabla ya intaneti kuenea, na hati za Word za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibeba vingi. Faili zenyewe huenda zisifunguke katika Word ya leo, lakini LibreOffice, ambayo hailipiwi, hufungua za WordPerfect, za Microsoft Works na hata kurasa zilizopangwa kwa PageMaker 6 na 7. Wahariri wa rika langu watajua maana ya jambo hilo.

Zipo disketi ambazo kiendeshi cha USB hakitazisoma kamwe ingawa ni nzima. Zilizo na tundu moja tu badala ya mawili ni za zamani zaidi, zenye nusu ya ujazo, na baadhi ya viendeshi vya USB huzikataa. Jaribu kingine kabla ya kukata tamaa. Disketi za mashine za Macintosh za miaka ya 1980 ziliandikwa kwa mzunguko unaobadilika mwendo, jambo ambalo viendeshi hivi haviwezi kuliiga. Zile za inchi 5.25 haziingii hata mlangoni.

Kwa hizo kuna vifaa vidogo kama Greaseweazle na KryoFlux. Huunganishwa na kiendeshi cha kale chenye kebo ya nyaya 34, navyo hunasa mabadiliko ya sumaku yenyewe bila kujali ni mashine gani iliyoandika, ili programu iyafasiri baadaye. Zile zenye kuvu nazo zimpelekee anayejua kulifungua ganda, kuuosha utando na kuuhamishia katika ganda safi. Hadi apatikane, ziweke wima mahali pakavu, mbali na spika na sumaku nyinginezo.