DENGUE NA KORONA KWA MGONJWA MMOJA: TUFAHAMU NINI?



Hapa kwetu Songea mtu akishikwa na homa, neno la kwanza kutajwa ni malaria. Si kosa, kwani Ruvuma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Tatizo huanza pale kipimo kinapoonyesha hakuna vimelea na mgonjwa bado homa iko juu. Wengi wetu hurudi nyumbani, tukanunua dawa dukani na kusubiri. Katika toleo hili tunaeleza magonjwa mawili yanayoweza kujificha nyuma ya homa hiyo, na hata kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja: dengue (kidingapopo) na korona (UVIKO-19).

Je, imewahi kutokea?

Ndiyo. Mwaka 2020 katika kisiwa cha Mayotte, jirani na Komoro, korona iliingia wakati dengue imeshaenea. Madaktari walimpima mwanamume aliyetoka safarini, wakakuta ana virusi vya magonjwa yote mawili.

Kwetu Tanzania, dengue iliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Machi 16, 2020. Songea ina baridi kuliko pwani, lakini mabasi ya Dar hufika kila siku. Dalili za dengue hujitokeza kati ya siku 4 na 10 baada ya kuumwa na mbu. Mtu anaweza kupanda basi akiwa mzima, akaugulia huku.

Yanafanana wapi, yanatofautiana wapi?

Yote mawili huleta homa, maumivu ya kichwa na mwili, na uchovu. Dengue huletwa na mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana. Mgonjwa huumwa nyuma ya macho na kwenye viungo, na huweza kutoka vipele. Korona hupita katika hewa kutoka mtu hadi mtu, ikileta kikohozi, mafua, na kwa wengine shida ya kupumua.

Kwa nini yakikutana ni hatari?

Kwanza, kipimo kimoja chaweza kupotosha. Mwaka 2020 huko Singapore, wagonjwa wawili walionekana wana dengue kwa kipimo cha haraka, kumbe walikuwa na korona.

Pili, matibabu huvutana. Mgonjwa wa dengue huhitaji maji ya kutosha, lakini maji yakizidi huumiza mapafu yaliyoshambuliwa na korona. Mgonjwa mahututi wa korona hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, wakati dengue kali husababisha kutoka damu. Ndiyo maana daktari anapaswa kuambiwa kila kitu.

Tatu, muda wa hatari hautofautishwi kirahisi. Dengue huweza kuwa kali homa inaposhuka, siku ya 3 hadi ya 7. Korona kali mara nyingi huzidi katika wiki ya pili. Homa kushuka si lazima iwe kupona.

Tufanye nini?

1. Homa ikianza, tupime malaria. Isipoonekana, tusiishie hapo. Tumweleze mhudumu tumesafiri wapi na lini.
2. Tutumie parasetamoli kwa kipimo sahihi. Tusinunue aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwani huongeza hatari ya kutoka damu.
3. Tumwahishe hospitali mgonjwa mwenye maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutoka damu puani au kwenye fizi, kulegea sana au kupumua kwa shida. Tusingoje kesho.
4. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana ili mbu wasimuume na kuambukiza wengine. Akiwa anakohoa, avae barakoa na madirisha yenye wavu yafunguliwe.
5. Kila wiki tumwage maji yaliyotuama kwenye matairi, makopo na vyungu vya maua, na tufunike mapipa.

Wengi wanaopata magonjwa haya hupona. Kuchelewa kupata matibabu huongeza hatari. Tunawaomba viongozi wa makanisa, misikiti na vikundi wawasomee watu ujumbe huu. Kinga ni bora kuliko tiba.