Likizo ya Shule na Safari ya Meli: Hesabu Nilizompa Dadangu

Wiki mbili zilizopita dadangu mdogo alinipigia simu kutoka Marekani. Kwetu ilikuwa baada ya Isha, kwake ni mchana na yuko kwenye mapumziko ya kazi. Hakunizungusha. "Kaka, wewe umefanya kazi kwenye hizo meli. Watoto wanafunga shule Machi na wanataka twende safari ya meli. Malipo ya kwanza yanatakiwa mwisho wa mwezi. Twende au tusiende?"

Ni kweli. Miaka tisa ya ujana wangu niliimaliza kwenye meli za kitalii, nikianzia kuosha vyombo jikoni mpaka nikawa mhudumu wa mezani. Miaka mingi katika hiyo tuliondokea bandari za Florida kwenda visiwa vya Karibi na kurudi. Swali lake nimeshaulizwa na jamaa wengi walio ng'ambo, na pia na wazazi walio hapa hapa Pwani ambao watoto wao wanasoma vyuo vya huko na ghafla wanaomba pesa za safari na wenzao. Kwa hivyo nimeona bora niyaandike yale niliyomwambia, yamfae na mwingine.

Wiki ya likizo si wiki nyingine

Marekani wana likizo fupi katikati ya muhula, takriban wiki moja, kati ya Machi na Aprili. Vyuo vikuu vingi hufunga Machi. Shule za watoto hutofautiana jimbo kwa jimbo, nyingine Machi, nyingine karibu na Pasaka. Meli zinaondoka Miami, Fort Lauderdale, Port Canaveral na Galveston kule Texas, zinakwenda Bahamas, Jamaika au Cozumel nchini Meksiko, na safari huwa ya siku tatu hadi saba.

Meli ni ile ile, lakini wiki hizo hujaa kuliko kawaida. Chukua mfano wa Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024 kutoka Miami. Ukihesabu watu wawili kila kabini, inabeba abiria 5,610. Vikijazwa na vile vitanda vya ziada, ambavyo kwa kawaida hulaliwa na watoto, abiria hufika 7,600, na juu yao wafanyakazi 2,350. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo utakayoiona mbele ya lifti, kwenye foleni ya chakula na pembeni mwa bwawa la kuogelea. Sisi wafanyakazi tulizijua wiki za likizo hata bila kalenda, kwa jinsi sahani zilivyoisha mapema asubuhi.

Wanafunzi wa vyuo hupenda safari fupi za siku tatu au nne kwa sababu ndizo za bei nafuu. Familia huelekea zile za siku saba. Mtu mwenye watoto wadogo akikata safari fupi ya bei rahisi katikati ya Machi, asishangae kukuta muziki na ulevi mpaka usiku wa manane. Kama shule ya watoto wako imefunga karibu na Pasaka, vijana wa vyuo wengi huwa wamesharudi darasani. Bei haishuki kwa sababu hiyo, ila utulivu unaongezeka.

Makaratasi kabla ya pesa

Hili ndilo nililomwambia kwanza, na ndilo ninalotaka wazazi mlioko hapa mlishike hata kama hamtasoma mengine.

Iko sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli za kigeni kuchukua abiria bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine bila kupita nchi ya kigeni. Meli karibu zote za kitalii zimesajiliwa nje, Bahamas, Panama au Bermuda, kwa hivyo kila safari kutoka Florida lazima itie nanga nchi nyingine. Maana yake ni kwamba kijana anayedhani anakwenda matembezi ya siku nne na marafiki, kwa macho ya uhamiaji ametoka Marekani, na akirudi anaomba kuingia upya.

Aliye raia wa Marekani hana taabu. Safari inayoanza na kuishia bandari moja ya huko anaweza kusafiri hata kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali. Mimi bado nashauri pasipoti, kwa sababu mtoto akiugua na mkashushwa Jamaika, cheti cha kuzaliwa hakitampandisha ndege ya kurudi. Mwenye grini kadi aichukue pamoja na pasipoti yake ya Kenya.

Mwanafunzi mwenye viza ya masomo kwa kawaida anahitaji fomu ya chuo iitwayo I-20 iliyotiwa saini ya ruhusa ya kusafiri, na viza ambayo haijaisha na inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Akaulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake kabla ya kulipa hata dola moja. Na aliyeomba hifadhi, au aliyeomba grini kadi akiwa ndani ya nchi na bado hajajibiwa, akitoka bila kibali maalumu cha kusafiri, kwa kawaida ombi lake huhesabiwa amelitupa. Ndugu zangu, miaka ya kungoja inaweza kupotea kwa siku nne za Bahamas. Mtu wa namna hii asiulize rafiki wala asinisikilize mimi. Amuone wakili.

Mwana mkubwa wa dadangu ana miaka 19 na yuko chuo. Yeye alitaka aende na wenzake peke yao. Hilo liliisha haraka. Kampuni nyingi zinazoondokea Marekani hazimpokei aliye chini ya miaka 21 bila mtu mzima, na ziko zinazotaka mtu mzima huyo awe na miaka 25 au zaidi. Nikamwambia dadangu, "Usigombane naye. Mwambie asome masharti mwenyewe."

Bei ya tangazo na bei ya kweli

Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, kwa hesabu ya watu wawili kabini moja. Anayesafiri peke yake hulipa karibu maradufu. Kabini nyingi zinachukua watu wanne, na dadangu na mumewe na watoto watatu ni watano. Tayari ni kabini mbili.

Halafu kuna bakshishi. Kampuni kubwa za Marekani hukata bakshishi ya kila siku kwa kila kichwa, na mtoto naye ni kichwa. Siku hizi ni kama dola 16 hadi 20. Tukichukua 16, watu watano kwa siku saba ni dola 560, na bado hujanunua soda. Nimekula mkate wa bakshishi hiyo, siipingi. Lakini iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Chakula cha kawaida, maji, chai na kahawa vimo kwenye nauli. Soda, intaneti, mikahawa maalumu na matembezi ya bandarini aghalabu hulipiwa mbali. Matibabu ndani ya meli si bure, basi uliza bima yako kama inalipa baharini. Simu iwekwe katika hali ya ndege pindi meli ikiondoka, kwani mtandao wa simu wa meli ni ghali na bili utaikuta nyumbani. Ongeza nauli ya kufika bandarini, na hoteli ya usiku mmoja, kwa sababu si busara kufika siku ile ile ya safari. Ndege ikichelewa, meli haikungoji. Vivyo hivyo kwenye bandari za njiani. Nimewaona watu wazima wakikimbia gatini na mifuko ya zawadi huku kamba zimeshafunguliwa.

Dadangu alinyamaza nilipofika hapo. Nilijua anachokihesabu.

Usalama, chakula na watoto

Kuhusu usalama sikumtisha. Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Baadhi ya abiria wake walikuwa wamepanda jioni ile ile na hawakuwa wameonyeshwa pa kwenda ikitokea hatari. Tangu Januari 2015 sheria ya kimataifa inataka abiria wapewe mafunzo hayo kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Basi usijifungie kabini ukaona ni usumbufu. Wapeleke watoto mpaka kwenye kituo chenu, wakijue kwa miguu yao.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni ya kawaida: bwawa la kuogelea. Si kila meli ina mlinzi wa bwawa, na wiki za likizo bwawa limejaa hata hujui mtoto yupi ni wako. Mtoto kwetu hujifunza kuogelea mbele ya macho ya watu wanaomjua. Kule hakuna anayemjua ila wewe. Pili, maradhi ya kuhara na kutapika husambaa haraka kwenye watu wengi. Dawa ya kupaka mikononi haitoshi. Nawa kwa sabuni na maji.

Mwenye mimba itakayofika wiki 24 kabla safari haijaisha kwa kawaida hapokelewi, wala mtoto chini ya miezi sita. Klabu za watoto mara nyingi huanza miaka mitatu, na wiki za likizo hujaa, kwa hivyo andikisha siku ya kwanza.

Chakula cha halali kiombwe wiki kadhaa kabla, tena kwa maandishi, na upate jibu. Meli nyingine zinaweza, nyingine zitakwambia ule samaki na mboga. Tazama pia kalenda yetu. Mwaka 2025 karibu mwezi mzima wa Machi ulikuwa Ramadhani, na ingawa msafiri ana ruhusa yake, si kila mtu angependa kuzipitisha siku hizo kwenye meli yenye kamari na ulevi. Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hivyo jambo hili nalo huja na kupita.

Hali ya hewa inaipendelea Machi. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni Juni mpaka Novemba. Upepo wa baridi ukishuka kutoka kaskazini bahari huchafuka, basi anayelevywa na mawimbi achague kabini ya chini, katikati ya meli.

Je, nani aende?

Aliye na makaratasi yaliyokamilika, aliyehesabu bei yote na si ya tangazo, mwenye watoto wanaoweza kuogelea na asiyeudhiwa na msongamano, aende na afurahi. Nimeona familia zikicheka pamoja mezani siku saba mfululizo, baba na mama waliokuwa hawaonani kwa zamu za kazi. Hilo si jambo dogo kwa watu wanaoishi ng'ambo. Anayeweza kungoja, asiyefungwa na shule, aende Januari au Septemba, ingawa Septemba ni msimu wa vimbunga. Bei huwa chini na nafasi ipo. Na anayekopa ili aende, asiende.

Sasa niseme lililobaki. Wapwa zangu hawajaja Mombasa miaka sita. Yule mdogo alikuwa na miaka miwili, sasa ana minane, na akizungumza na nyanya yake kwenye simu mmoja wetu lazima atafsiri. Mama magoti yanamuuma, hatoki tena ila hospitali. Dadangu na mumewe waliweka pesa kwa ajili ya tikiti za Julai, shule za huko zikifunga kwa muda mrefu. Pesa za meli zingetoka kwenye fungu hilo hilo. Hakunificha, wala mimi sikumficha kwamba najua.

Sikumwambia arudi. Mtu anayelea watoto ugenini, analipa kodi ya nyumba na kuamka alfajiri kwenda kazini, ana haki ya kupumzika bila kaka yake kumtia majuto akiwa barazani huku. Nilimwambia tu aandike hesabu mbili kwenye karatasi moja, ya Machi na ya Julai, kila dola, kisha akae na mumewe na watoto waizungumze. Hata yule wa miaka minane awepo.

Mpaka naandika haya hajanijibu, na mwisho wa mwezi umebakisha siku nne. Mama sijamwambia kitu, nisije nikamtia tamaa. Jana aliniuliza kama Julai chumba cha juu kitakuwa kimepakwa rangi. Nikamwambia nitakipaka.