Mercedes ya Kwanza: Ilipie Miezi Mitatu Kabla Hujainunua

Desemba ikifika, barabara ya kutoka Kisii kupitia Rongo na Awendo hadi Migori hubadilika sura. Watu wanarudi nyumbani kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa, na kila boma linachungulia barabarani kuona nani amekuja na amekuja na nini. Likikata kona gari jeusi lenye ile nyota ya pembe tatu mbele, watoto wanalikimbilia, wazee wanasimama, na mama wa kijana aliyeshika usukani anatoka jikoni na mwiko bado mkononi.

Siku hiyo haina bei. Gari lenyewe ndilo lina bei, tena lina bei mbili, na vijana wengi huulizia moja tu.

Hatuandiki haya kumwambia mtu asinunue. Kama umeuza simu Migori mjini miaka minne, au umefuga samaki kwenye vizimba kule Mbita, au umepambana na miwa Awendo au dhahabu Macalder, pesa ni yako na furaha ni yako. Tunaandika kwa sababu sehemu kubwa ya pesa hizo hupita kwenye simu, na tungependa mambo mawili: ziende kwa mwenye gari wala si kwa tapeli, na gari liwe bado linatembea Pasaka ikifika.

Kwa nini inauzwa rahisi hivyo?

Ukipita kwenye yadi za Kisumu utaona jambo la kushangaza. Mercedes C-Class ya 2011, viti vya ngozi, ikiuzwa bei inayokaribiana na gari dogo la Kijapani lililo changa zaidi. Mtu anajiuliza: kwani kuna mjinga gani atanunua kile kidogo?

Jibu ni hili. Bei ya gari imeshuka kwa sababu ya umri, lakini bei ya spea haikushuka nayo. Gari lilipokuwa jipya lilikuwa la mtu mwenye mamilioni, na pampu yake ya maji, kompyuta yake na giaboksi yake bado zinauzwa kana kwamba mwenye gari ni yule yule.

Kuna hesabu nyingine ambayo muuzaji hatakufanyia. Kenya hairuhusu kuingiza gari ambalo limepitisha miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza kule lilikotoka. C-Class ya umbo la W204, ile inayopendwa sana na vijana, saluni yake ilianza kutengenezwa 2007 na ikakoma 2014. Maana yake, hata ile ya mwisho kabisa ilipaswa kuwa imeshaingia nchini miaka kadhaa iliyopita. Kwa hivyo mtu akikuambia leo kwamba W204 yake "imeshuka meli juzi tu", hapo mazungumzo yameisha. Gari hilo limeshakula barabara zetu, na unachotaka kujua ni nani alilitunza na vipi.

Bei ya pili: hesabu ya mwezi

Tuseme una miaka 26, unaishi Migori, na gari unalolitaka ni la shilingi 1,200,000. Tufanye hesabu pamoja. Nambari hizi ni za mfano, wewe weka zako.

Petroli: safari moja kwa wiki ya Migori hadi Homa Bay na kurudi ni kama kilomita 140. Gari likienda kilomita 10 kwa lita, na lita ikiwa shilingi 180, unatumia 2,520 kwa safari, yaani kama 10,000 kwa mwezi. Ongeza 4,000 za kuzunguka mjini. Jumla 14,000. EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo usizoee nambari moja.

Bima: ile ya kulinda mtu mwingine ndiyo ya lazima kisheria, lakini haitakurudishia gari lako likiibwa au ukiligonga mwenyewe. Bima kamili, tukichukua asilimia 5 ya thamani, ni 60,000 kwa mwaka, sawa na 5,000 kwa mwezi. Piga simu uulize kabla ya kununua, maana kampuni nyingi za bima husita kulipa gari lililozeeka bima kamili.

Sevisi na spea: weka 10,000 kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Hasa mwezi huo.

Tairi: 3,000 kwa mwezi, ili baada ya miaka miwili uwe na 72,000 za seti mpya. Tairi za magari haya ni nyembamba ubavuni, na shimo moja la kule Nyatike linaweza kupasua tairi na kukunja rimu kwa mpigo. Tena BMW nyingi hazina hata tairi la akiba.

Safari za boma: 3,000. Usicheke. Ukishakuwa na gari, wewe ndiwe utakayepigiwa saa nane za usiku mjomba akizidiwa. Wewe ndiwe utakayechukua wageni wa matanga stejini Rodi Kopany. Huwezi kukataa, na hupaswi kukataa. Basi weka kwenye hesabu mapema, usije ukamnunia mtu wa nyumbani kwa jambo la heshima.

Jumla ni 35,000 kila mwezi, na gari halijaharibika bado.

Jaribio letu

Sasa fanya hivi. Kabla hujanunua, lifuge gari ambalo huna.

Fungua akiba ya kufunga kwenye simu yako, ile ambayo huwezi kutoa pesa mpaka tarehe uliyoweka. Kila mwezi, siku pesa inapoingia, tuma 35,000 humo. Kama kwa sasa unalipa nauli nyingi za boda na matatu, punguza kiasi hicho, maana gari litakusaidia hapo. Fanya hivyo miezi mitatu mfululizo, ikiwezekana mojawapo uwe mwezi wa karo au mwezi ambao biashara hulala.

Ukimaliza, utakuwa umepata moja kati ya mambo mawili. Kama ulitimiza bila kukopa na bila kulala njaa, una jibu, na juu ya jibu una 105,000 za kuanzia. Hizo zisiongezwe kwenye bei ili ununue gari kubwa zaidi. Hizo ni za ile siku ya kwanza taa ya njano itakapowaka kwenye dashibodi, na itawaka.

Kama mwezi wa pili ulikwama, pia una jibu, na limekugharimu sufuri. Fikiria ungekwama hivyo gari likiwa tayari limeegeshwa nje. Hapo ndipo watu huanza kukopa kwenye simu ili kununua spea, kisha wanakopa kwingine kulipa mkopo wa kwanza. Sisi tuko kwenye biashara ya pesa za simu na tunakuambia wazi: mkopo wa siku 30 haukutengenezwa kwa ajili ya giaboksi.

Siku ya kuangalia gari

Usiende peke yako, na usiende na rafiki anayependa magari tu. Nenda na fundi anayejua aina hiyo ya gari, mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake. Huku kwetu mafundi wa namna hiyo ni wachache, kwa hivyo huenda ukamlipia mmoja wa Kisumu nauli na siku yake. Mlipe bila kulia. Ni pesa kidogo kuliko makosa yako.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika. Injini baridi husema ukweli. Kwenye C-Class nyingi za petroli za miaka hiyo, kelele ya kugongagonga kwa sekunde chache mara tu ya kuwasha inaweza kuwa dalili ya cheni ya taimingi iliyochoka. Ni kazi ya gharama kubwa, na ukiipuuza inaweza kuua injini yote. Kwenye BMW zenye injini ya N52, uliza kama pampu ya maji imewahi kubadilishwa, maana ni ya umeme na hufa bila kukuaga. Kama gari linatumia hewa badala ya springi, liache limeegeshwa kwa muda uone kama linakaa chini upande mmoja.

Kisha jiulize swali la mahali. Likizimika Sindo au Karungu, nani atalivuta, na hadi wapi? Spea nyingi zitatoka Nairobi, kule Kirinyaga Road, zikija na basi la usiku. Na kama nyumbani kwenu ni Ndhiwa ndani, kwenye ule udongo mweusi, mvua ikinyesha gari la chini hivyo litalala kwa jirani aliye karibu na lami.

Karatasi kwanza, pesa mwisho

Hapa ndipo wateja wengi huumia, na mara nyingi simu ndiyo njia iliyotumika. Muuzaji anasema kuna mteja mwingine anakuja jioni, tuma elfu hamsini nikushikilie. Unatuma. Simu inazimwa.

Fuata mpangilio huu, na usiruke hatua hata moja.

1. Tafuta rekodi ya gari. Ingia eCitizen, sehemu ya NTSA, uombe rekodi kwa namba ya gari. Gharama haifiki elfu moja, na huduma za serikali hulipiwa kwa paybill ya 222222. Mtu akikupa namba yake binafsi eti akutafutie, kataa.

2. Linganisha majina. Jina kwenye rekodi, kwenye logibuku na kwenye kitambulisho cha muuzaji yawe ya mtu mmoja. Namba ya chasisi uisome kwenye gari lenyewe kwa macho yako.

3. Angalia deni. Ukiona jina la benki au kampuni ya mikopo pamoja na la mwenye gari, gari hilo ni dhamana. Tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya 2017, mkopeshaji anaweza pia kuandikisha haki yake kwenye sajili ya dhamana, nayo unaweza kuitafuta kupitia eCitizen. Deni halifutiki kwa sababu wewe hukujua.

4. Andikeni makubaliano. Bei, malipo ya kwanza, tarehe, na pesa itarudishwa vipi mambo yakiharibika. Mashahidi watie sahihi.

5. Ndipo utume. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama si la mwenye gari, simama. "Ni ya bibi yangu" au "ni ya ofisi" si jibu. Kumbuka pia kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku: malipo makubwa ya mwisho yapitie benki, na ujumbe wa kila muamala usiufute.

6. Hamisheni umiliki siku hiyo hiyo. Muuzaji anaanzisha kwenye eCitizen yake, wewe unakubali kwenye yako, na ada inategemea ukubwa wa injini. Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 tu za kulitumia bila kubadilisha jina. Usikubali logibuku "wazi" iliyotiwa sahihi na mtu ambaye hujawahi kumwona.

Na ujue hili mapema: ukituma kwa namba isiyo sahihi, tupigie mara moja, kuna nafasi ya kurudisha kama pesa haijatolewa. Lakini pesa uliyomtumia mtu kwa hiari yako, halafu akakutapeli, si kosa la muamala. Hiyo ni kesi ya polisi, na mara nyingi pesa inakuwa imeshaondoka.

Yale ya Isebania

Kuna ofa nyingine ambayo watu wa Migori huipata kuliko wengine. Gari la namba za Tanzania, liko upande huu, bei ya kutupa. Tanzania haikatazi magari yaliyozeeka kama sisi, inayatoza ushuru zaidi tu, ndiyo maana utaona kule mengine ambayo hapa yasingeingia. Lakini gari hilo likivuka Isebania huwa limeruhusiwa kutembelea, si kuuzwa. Ukilinunua bila ushuru kulipwa KRA wanaweza kulichukua, na kama lina zaidi ya miaka minane huwezi hata kuliandikisha. Umenunua picha ya gari.

Tukimaliza

Kama jaribio la miezi mitatu lilikushinda, hakuna aibu. Gari dogo ambalo fundi wa Homa Bay analijua na spea zake ziko Migori mjini litakufikisha nyumbani Desemba hiyo hiyo, na mama atatoka jikoni vile vile.

Na kama ulilimudu, karatasi ziko sawa na jina ni lako, basi endesha kwa amani. Ile akiba usiifunge. Mwezi ujao, pesa ikiingia, tuma tena.