Kabla ya Kuuliza Bei ya Sindano

Chukua bomba la sindano la insulini, lile dogo lenye yuniti 100 katika mililita moja. Mtu anayeanza dawa ya kupunguza unene iitwayo semaglutaidi huandikiwa miligramu 0.25 kwa wiki. Kama kichupa chake kina miligramu 2.5 katika kila mililita, atavuta mpaka yuniti 10. Kikiwa na miligramu 5, ni yuniti 5 tu. Akikosea akavuta 50 badala ya 5, kajidunga dozi mara kumi, na wiki nzima ikishapita karibu nusu yake bado imo mwilini.

Julai 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari juu ya makosa ya aina hii. Kuna waliojidunga mara 5 hadi 20 ya kiasi walichoandikiwa, na baadhi wakalazwa hospitali. Wengine hawakuwa na mazoea ya kuvuta dawa kichupani.

Naanzia hapo kwa sababu kila anayelinganisha kampuni zinazotibu unene kupitia intaneti huanza na bei. Bei yenyewe hupotosha: kampuni ya Ro hutoza ada ya uanachama mbali na dawa, wengine hujumlisha vyote. Mimi ningeuliza kwanza dawa imetengenezwa na nani.

Wegovy, semaglutaidi ya Novo Nordisk iliyoidhinishwa 2021 kwa ajili ya unene, huja katika kalamu iliyokwisha kupimwa dozi. Lakini ilipoadimika, sheria ya Marekani iliruhusu wafamasia kuchanganya dawa ya namna hiyo wenyewe, na kampuni ya Hims & Hers ikaanza kuiuza Mei 2024. Ilikuwa nafuu sana, na siwalaumu walioikimbilia, maana bima nyingi zilikataa kulipia. Ila dawa ya kuchanganywa haikaguliwi na FDA kabla ya kuuzwa. Uhaba wa semaglutaidi, uliokuwa msingi wa ruhusa hiyo, ulitangazwa kwisha Februari 2025. Eli Lilly nayo ilianza kuuza Zepbound, yaani tirzepataidi, kwa vichupa Agosti 2024, kila kichupa kikiwa na dozi moja tu. Hapo hesabu ya kukisia mstari wa bomba haipo.

Jambo la pili ni maswali. Daktari makini atataka kujua kama kuna mtu katika ukoo wako aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo, hasa aina iitwayo medula. Kama kongosho lako limewahi kuvimba. Kama una mimba au unaitafuta. Kama unatumia vidonge vya kupanga uzazi, kwa kuwa tirzepataidi inaweza kuvipunguzia nguvu. Kuna huduma ambako haya yote ni vijisanduku vya kuweka alama, na uzito ni ule uliouandika mwenyewe. Kuna nyingine ambako daktari hukuona kwa video na kudai vipimo vya damu. Tofauti hiyo inastahili kulipiwa.

Kwamba dawa zinafanya kazi, hilo halina ubishi. Katika utafiti wa watu 1,961, waliopewa semaglutaidi walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito katika wiki 68. Zilipopambanishwa mbili hizi kwa wiki 72, tirzepataidi ilifikia asilimia 20.2 na semaglutaidi 13.7. Lakini walioacha semaglutaidi walirudisha, ndani ya mwaka mmoja, thuluthi mbili ya walichopunguza. Kwa hiyo anayejiandikisha huenda anaanza safari ya miaka, na ofa ya mwezi wa kwanza haimwambii lolote kuhusu mwezi wa kumi na nne.

Wiki ya tano dozi ya semaglutaidi hupanda hadi miligramu 0.5, na kichefuchefu huweza kuja nayo. Kabla ya kulipa, uliza: nikitapika usiku kucha, nani atapokea simu yangu, na je, ana mamlaka ya kunishushia dozi?