Krismasi ya deni tamu: Wafanyabiashara wa Kihispaniki Marekani na majirani zao

NI desturi ya vyama vingi vya akiba humu nchini. Desemba ikifika sanduku hufunguliwa, pesa hugawanywa, na kila mwanachama hushika njia kwenda mashambani. Wengine hawaonani tena hadi Februari, na vyama vingine huvunjika papo hapo pamoja na sanduku.

Ng’ambo huko Marekani, katika miji kama San Antonio, Los Angeles na Miami, kuna jamii ya wafanyabiashara ambayo huutumia msimu huo huo kwa njia tofauti. Kwao sikukuu ni wakati wa kuanzisha deni, si kulimaliza. Na deni lenyewe halitozwi riba.

Hao ni Wahispaniki, yaani wakazi wa Marekani wenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Cuba na kwingineko kunakozungumzwa Kihispania. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu watu milioni 62.1, karibu mmoja katika kila Wamarekani watano.

Msimu wao ni mrefu. Huanza na Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, hupitia Krismasi na Siku ya Wafalme Watatu hapo Januari 6, na kwa familia nyingi za Kimexico haumaliziki hadi Februari 2. Katika majuma hayo kumi hivi, mwenye duka, mwenye mkahawa na fundi wa magari hupata nafasi ya kujuana, na pia ya kujulikana na mtaa unaowalisha.

Meza ya watu 25,000

Tuanze San Antonio, jimbo la Texas, mji ulioasisiwa na Wahispania mwaka 1718 na ambao wengi wa wakazi wake hadi leo wana asili ya Mexico.

Mnamo mwaka 1979 mfanyabiashara mmoja wa vyakula wa mji huo, Raul Jimenez, aliandaa chakula cha Sikukuu ya Shukrani kwa ajili ya wazee wapweke na watu wasio na uwezo. Wamarekani huiadhimisha siku hiyo kwa nyama ya bata mzinga, familia nzima ikiwa mezani. Lakini mtu asiye na familia huipitisha akiwa ameyatazama madirisha ya wenzake.

Karamu hiyo ilikua mwaka baada ya mwaka, hata ikawa inawalisha watu wapatao 25,000 katika jumba kubwa la mikutano la mji, lile lililopewa jina la mbunge Henry B. González. Jimenez alifariki mwaka 1998, lakini familia yake na watu wa kujitolea waliushika usukani na karamu ikaendelea.

Kuwapakulia watu 25,000 si kazi ya tajiri mmoja. Panahitajika mwenye jokofu kubwa, mwenye malori, mwenye mikate, mwimbaji, na maelfu ya watu wa kubeba sahani. Mwenye kampuni na mfanyakazi wa kampuni nyingine husimama foleni moja wakipakua viazi. Watu waliochafuka mikono kwa mchuzi wa sufuria moja huzoeana upesi kuliko waliobadilishana kadi za biashara hotelini.

Walianza kwa kuzikana

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya matajiri waliokosa pa kupeleka pesa. La hasha. Mizizi yake ni ya watu waliokosa hata pesa za jeneza.

Mwishoni mwa karne ya 19, Wamexico wa kusini-magharibi mwa Marekani walibaguliwa katika kazi, shule na hata huduma za bima. Wakaunda vyama vya kusaidiana vilivyoitwa mutualistas. Kila mwanachama alitoa senti kidogo, na alipougua au kufariki, chama kiliisaidia familia yake. Kimojawapo kilichovuma sana ni Alianza Hispano-Americana, kilichoanzishwa mjini Tucson, Arizona, mwaka 1894. Msomaji aliyewahi kuchanga katika chama cha kuzikana mtaani kwake hahitaji kuelezwa zaidi.

Vyama vya wafanyabiashara vilikuja baadaye. San Antonio ilipata chama chake cha wafanyabiashara Wamexico mwaka 1929, miongoni mwa vya kwanza vya aina hiyo nchini Marekani. Miaka 50 baadaye, mwaka 1979, kikaundwa chama cha nchi nzima. Mmoja wa waasisi wake alikuwa Hector Barreto, mhamiaji kutoka Mexico aliyevuna viazi mashambani kabla ya kufungua mkahawa mjini Kansas City. Mwanawe, aliyeitwa Hector pia, aliongoza idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia biashara ndogo kuanzia mwaka 2001 hadi 2006.

Hata hivyo, historia hiyo ina doa, na ni vyema tulitaje. Januari 1938, wafanyakazi wapatao 12,000 wa San Antonio, wengi wao wanawake wa Kimexico, waligoma kwa sababu ya kupunguziwa ujira wa kubangua njugu za pekani. Wengine walikuwa wakipata dola mbili au tatu tu kwa wiki. Aliyewaongoza ni msichana wa miaka 21, Emma Tenayuca.

Chama cha wafanyabiashara Wamexico hakikuunga mkono uongozi wake, kwa kuwa alikuwa Mkomunisti. Wenye maduka walikuwa na lugha moja na wagomaji, kanisa moja na mtaa mmoja, lakini siku ya mtihani ilipofika walisimama kando. Kujuana peke yake, basi, hakutoshi. Anayekupa sahani ya wali Desemba apimwe pia kwa mshahara anaokulipa Julai.

Huko Mexico kwenyewe jambo hilo halikuachiwa hisani ya tajiri. Sheria ya kazi ya mwaka 1970 humtaka kila mwajiri amlipe mfanyakazi bahshishi ya mwisho wa mwaka iitwayo aguinaldo, angalau mshahara wa siku 15, kabla ya Desemba 20. Marekani haina sheria kama hiyo. Mwajiri wa Kihispaniki anayelipa aguinaldo Texas huilipa kwa mila na kwa utu wake.

Kubisha hodi usiku tisa

Kati ya Desemba 16 na 24, familia za Kimexico husherehekea posada, neno la Kihispania lenye maana ya nyumba ya wageni. Kila usiku kundi la watu hupita mtaani likiimba, likiigiza safari ya Yusufu na Mariamu walipotafuta mahali pa kulala Bethlehemu. Hubisha mlango wa kwanza, wakakataliwa kwa wimbo. Hubisha wa pili, wakakataliwa pia. Mwishowe mlango mmoja hufunguliwa, na wote huingia kula na kunywa.

Utamu wa mila hii ni zamu. Leo ni kwako, kesho ni kwa jirani. Aliyepokelewa jana hupokea leo.

Vyama vya wafanyabiashara wa Kihispaniki katika miji mingi vimeliazima jina hilo kwa mikutano yao ya Desemba. Huko Mexico pia, hafla ya mwisho wa mwaka ya ofisi au kiwanda huitwa posada. Mara nyingi katika mikutano hiyo ya Marekani kiingilio ni mwanasesere kwa ajili ya mtoto asiye na chochote, au mikebe ya chakula. Aliyefungua kinyozi mwezi uliopita hukaa karibu na wakili wa miaka 20. Kijana aliyemaliza chuo akitafuta kazi hupata pa kuanzia kuuliza.

Tamales na askari wa jiji

Chakula kikuu cha msimu huu ni tamales: kinyunga cha mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa na kusagwa, kikatiwa nyama au pilipili ndani, kikafungwa kwa maganda makavu ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Kazi yake ni ndefu. Ndiyo sababu bibi, mama, mashangazi na wajukuu hukutana jikoni siku nzima, huyu akipaka, huyu akikunja, huyu akipanga sufuriani.

Kwa familia nyingi jikoni hilo ni kiwanda pia. Tamales huuzwa kwa dazeni, na pesa zinazopatikana kabla ya Krismasi hulipa kodi ya nyumba au karo. Wenye mikahawa wa leo ambao mama zao walianza na sufuria moja hawahesabiki.

Lakini muuza tamales wa barabarani hana kadi ya uanachama wala suti ya kuvalia posada ya hotelini. Mjini Los Angeles, kwa miaka mingi, kuuza chakula kando ya njia kulihesabiwa kuwa kosa la jinai. Wachuuzi walikamatwa, wakatozwa faini, bidhaa zao zikachukuliwa. Wakazi wa Nairobi wanaijua hadithi hiyo kwa macho yao wenyewe.

Wachuuzi hao, wengi wao wanawake, waliungana na watetezi wao wakapigania haki zao kwa miaka. Mji uliacha kuwashtaki kama wahalifu mwaka 2017. Mwaka uliofuata jimbo la California likapitisha sheria ya kulinda uchuuzi wa kando ya njia, ikaanza kutumika Januari 2019. Nyingine ya mwaka 2022 ikalegeza masharti ya vibali vya afya kwa wauza chakula. Ushindi huo haukuletwa na karamu. Hata hivyo, jirani aliyekuwa amekula tamales za mama fulani kila Desemba alijua kwamba anayekamatwa si mhalifu.

Tanda, ndugu wa chama chetu

Sasa tuje kwenye jambo litakalowafurahisha kina mama wa vyama. Wamexico wana mpango uitwao tanda. Watu kumi, kwa mfano, huchanga kiasi sawa kila wiki au kila mwezi, na mmoja wao huchukua zote kwa zamu. Hakuna benki, hakuna riba, hakuna karatasi. Kuna neno la mtu tu. Zamu ya Desemba hugombewa sana, kwani huangukia msimu wa matumizi.

Shida ya tanda ni ile ile ya kwetu. Mtu anaweza kulipa kwa uaminifu miaka 20, na benki isijue lolote. Akienda kuomba mkopo wa kupanua duka, huonekana kama mtu asiyewahi kukopa maishani.

Mwaka 2007 shirika la Mission Asset Fund lilianzishwa San Francisco, katika mtaa wa Mission wenye Walatino wengi, likaja na dawa. Wanachama huchanga na kupokea kwa zamu kama kawaida bila riba, lakini kila mmoja hutia sahihi, na malipo yake hupelekwa kwa kampuni zinazoweka rekodi za wakopaji. Uaminifu wa jikoni ukawa karatasi inayosomeka benki. Mwaka 2014 California iliutambua mpango huo kwa sheria.

Kisanamu ndani ya mkate

Januari 6 ni Siku ya Wafalme Watatu, mamajusi waliompelekea Yesu zawadi. Mjini Miami, Wacuba waliokimbia nchi yao walianza maandamano ya siku hiyo mwaka 1971 katika mtaa wa Calle Ocho. Miaka miwili kabla yake, Fidel Castro alikuwa ameondoa mapumziko ya Krismasi nchini Cuba ili watu wavune miwa. Mapumziko hayo hayakurejeshwa hadi 1997. Kwa muda wote huo, wenye maduka wa Calle Ocho na majirani zao waliilinda ugenini sikukuu iliyozimwa nyumbani.

Wamexico nao siku hiyo hukata mkate mtamu wa mviringo uitwao rosca. Waokaji huuza kwa wingi, na maofisini hukatwa pia. Ndani yake mwokaji huficha kisanamu kidogo cha mtoto.

Anayekipata kwenye kipande chake hapewi tuzo. Hupata deni: Februari 2 itabidi awaandalie wote tamales. Mkubwa wa kampuni akikipata, hugharamia yeye. Mfagiaji akikipata, wenzake humchangia, na bado siku hiyo yeye ndiye mwenyeji. Hivyo sikukuu inapokwisha tayari pana miadi ya kukutana tena, na pana mtu anayeulizwa, “Tamales zetu ziko wapi?”

Hapo ndipo vyama vyetu vinapoweza kujifunza bila kununua hata mkate. Mnapogawana pesa Desemba hii, msizigawe zote. Bakisheni kidogo sandukuni, na mpigeni kura ya nani atakayewapikia wenzake chai Januari, na pia nani atakayemtembelea mgonjwa au mjane wa mtaa kwa niaba ya wote. Jembe likibaki shambani, mkulima hana budi kurudi.