Suti za Kuzamia: Baridi ya Maji ya Vuguvugu

Ziwa Tanganyika, ambalo Mkoa wa Katavi unalifikia kwa upande wa magharibi huko Ikola na Karema, halina sifa ya baridi. Maji ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 28 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Hata hivyo, mzamiaji anayekaa chini kwa saa nzima bila kujikinga hutoka anatetemeka, midomo imepauka. Maji huuondolea mwili joto kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 ya hewa, na mwili wa binadamu una nyuzi 37. Mwogaji wa dakika kumi huyaona maji ya nyuzi 25 kuwa mazuri. Anayekamata samaki wa mapambo miambani, wakiwemo wale weusi wenye mkanda wa njano ambao wafugaji wa Ulaya huwaita kwa jina la Ikola, huyajua kwa sura nyingine.

Kina cha ziwa huwatisha wengi bure. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na ni ya pili duniani baada ya Baikal ya Urusi, lakini hata vilindini kabisa joto lake hukaribia nyuzi 23. Baikal yenyewe hufunikwa na barafu kila mwaka, na maji yake ya kina huwa karibu na nyuzi 4. Kwa hiyo vazi la kuzamia huchaguliwa kwa joto la maji na muda wa kukaa humo.

Mavazi yenyewe ni ya aina mbili. Suti ya mpira hutengenezwa kwa neoprini, yaani mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi. Mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California ndiye aliyeibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipotambua kwamba mzamiaji anaweza kulowa na bado akahifadhi joto, kwa kuwa vipovu ndivyo vinavyolizuia lisitoke. Maji kidogo huingia, yakapashwa joto na mwili, yakatulia.

Yasipotulia, suti haina kazi. Ndiyo maana kukaa vizuri mwilini ni muhimu kuliko unene, jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza. Anayeijaribu anyanyue mikono, achuchumae, kisha apapase kiunoni kwa nyuma, kwapani na shingoni. Mpira ukiachana na ngozi mahali hapo, kila akijigeuza atasukuma nje maji yaliyopata moto na kuvuta mengine ya baridi. Ikimbana hadi kupumua kuwe kazi, nayo haifai.

Kwa Karema na Ikola, suti ya milimita 3 inayofunika mwili mzima yatosha sehemu kubwa ya mwaka. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusini huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ya chini yaliyopoa huibuka upande wa kusini wa ziwa. Anayezama mara kadhaa kwa siku katika msimu huo atafute ya milimita 5. Akumbuke pia kwamba kwenye mita 10 shinikizo huwa maradufu ya lile la juu: vipovu hubanwa, suti ikawa nyembamba, ikapunguza uwezo wa kuhifadhi joto na wa kuelea.

Aliyezoea bahari ya Zanzibar apunguze risasi za mkandani, kwa sababu maji yasiyo na chumvi humwelesha mtu kidogo kuliko ya bahari. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo hesabu za muda wa kuzama zifuate majedwali ya maeneo ya mwinuko.

Aina ya pili, suti kavu, haipitishi maji kabisa. Ina zipu isiyovuja, mipira inayobana shingo na vifundo vya mikono, na vali za kuingizia na kutolea hewa. Joto hutoka kwenye nguo za ndani. Inafaa maji yaliyo chini ya nyuzi 10, kama ya Norwe, na huhitaji mafunzo yake, kwani hewa ikikimbilia miguuni humpandisha mtu juu miguu ikitangulia. Kwa Katavi ni gharama isiyo na sababu.

Wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao huhitaji wepesi mabegani, hivyo suti zao huwa na unene tofauti: iliyoandikwa 4/3 ina milimita 4 kifuani na 3 mikononi. Hizo ni za bahari baridi kama ya Cape Town.

Suti ya mtumba ikunjwe kabla ya kulipiwa. Mpira ulioanza kukakamaa huonyesha nyufa kwenye mkunjo. Ikishatumika ioshwe na kuanikwa kivulini, maana jua huiharibu haraka. Na kwa kuwa neoprini haimzuii mamba, wavuvi wa mahali hapo waulizwe kwanza kabla ya mtu kutia mguu majini.